Upande wa Watoto

Sanda haikatwi kwa mkasi. Mkasi unatia alama tu ukingoni, halafu unashika pande mbili unapasua, na bafta ya pamba tupu hupasuka moja kwa moja mpaka mwisho bila kupinda. Iliyotiwa nailoni haipasuki. Inavutika, inajikunja, inakutia hasira. Duka langu liko mjini, mtaa wa Mlandege, na kazi hii niliirithi kwa baba yangu, ambaye alikuwa akisema maiti avishwe kitu kitakachooza pamoja naye. Mimi niliishika kauli hiyo kwa ukali kuliko yeye mwenyewe. Akija mtu anataka sanda ya mchanganyiko, ya bei ya chini, namwambia akashonee mapazia. Wateja wananijua na wengine wamenihama kwa ajili ya ulimi wangu.

Mwaka mmoja aliingia dukani mwanamke wa Kizungu, mtu mzima, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akauliza kitambaa cheupe kingi namna hii ni cha nini. Nikamweleza. Nilidhani atashtuka, lakini alivuta kiti akakaa. Akanambia kwao maiti hutiwa dawa asioze, akafungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye mikono ya shaba, na sanduku likateremshwa kwenye shimo la zege. Sasa, alisema, kuna watu wamechoka na mambo hayo. Wanausia wazikwe ndani ya nguo tu, chini ya miti, bila ya dawa, bila ya zege, wengine bila ya hata jiwe, ili ardhi isidhurike. Akasema ni jambo jipya.

Nikamwambia labda jipya kwenu. Hapa jeneza ni la kubebea tu, likishafika makaburini linarudi msikitini kumngoja mwengine. Anayekwenda chini ni mtu, pamba na karafuu maiti, na juu yake mbao fupi tunazoziita viunza, kisha udongo. Ikipita miaka hakuna kitu tena, na pahala pale pale atalazwa mwengine. Niliyasema kwa majivuno, utadhani mimi ndiye niliyeyatunga. Kwa siku nyingi nikawa nawasimulia watu barazani habari za Wazungu wanaotaka kufa kama sisi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye ni fundi wa vigae. Alipofariki baba yake mdogo alitaka kulijengea kaburi, saruji pembeni na vigae juu, rangi ya kijani. Tuligombana mbele ya watu. Nikamwambia kaburi si choo, vigae vya nini, ardhi iachwe ipumue. Wazee wakawa upande wangu, na kaburi likaachwa na jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, mawe ya kuokota, kama makaburi mengine yote ya ukoo wao kule Bububu. Shemeji alikaa muda mrefu hajanisamehe.

Halafu akazaliwa mwanangu.

Mimi na mke wangu tulikaa miaka mingi bila ya mtoto. Tulizunguka kwa madaktari na kwa masheikh mpaka tukachoka kuulizwa. Mimba iliposhika hatukumwambia mtu mpaka ilipojisema yenyewe. Uchungu ulimchukua mke wangu kabla ya wakati wake, akapasuliwa, na mimi nikawa nimesimama ukumbini hospitali. Nilimsikia mtoto akilia. Alikuwa msichana. Aliishi asubuhi ile tu, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, amelala hajitambui, na hakuna aliyeweza kunambia kama ataamka.

Kwetu mtoto akishalia ni mtu kamili. Anapewa jina, anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa. Tulimpa jina, na jina hilo nalibakisha nyumbani.

Niliwauliza wazee kama tunaweza kungoja mama yake aamke amwone. Baba mkwe akanishika bega.

"Maiti hasubirishwi, mwanangu. Na daktari kasema hajui ataamka lini. Tumstiri."

Hakuwa na kosa. Ndivyo tunavyofanya, na mimi mwenyewe ningemjibu mwengine vivyo hivyo. Nikaenda Mlandege, nikafungua bawa moja la mlango wa duka, nikashusha jora. Mtoto mchanga hahitaji kitambaa kingi. Nilitia alama, nikapasua, kikapasuka vizuri, na nilichukia namna kilivyopasuka vizuri.

Mtoto mchanga hatiwi jenezani, hubebwa mikononi. Mwanamke mwosha wa mtaa alipomaliza kazi yake alinikabidhi, nikaingia naye kwenye gari ya shemeji, tukenda Bububu. Makaburi ya ukoo wao yako nyuma ya nyumba, mwendo mdogo ndani ya shamba, yamezungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Watu wazima wanazikwa katikati. Kando, kati ya ukuta na mkunazi, pana kipande cha ardhi wanachokiita upande wa watoto, maana tangu zamani, nadhani tangu enzi za babu wa babu zao, ndipo wanapolazwa vichanga wa ukoo. Tulikuwa watu wanne: mimi, baba mkwe, shemeji na mzee mchimbaji. Nilishuka kaburini mwenyewe. Tulipomaliza, mzee akaweka jiwe la ukubwa wa ngumi kichwani, na jengine dogo zaidi miguuni. Shemeji akamwagia maji kwa birika, kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini.

"Shemeji, tumtilie japo saruji kidogo. Ukingo tu. Mama yake apajue."

Nilimtazama, akaliacha neno lake, akaokota birika.

Mke wangu aliamka kesho yake. Akaniuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia. Sitaki kuieleza sauti aliyoitoa.

Alipotolewa hospitali alichukuliwa kwa mama yake, Bububu, kukaa arobaini yake kama mzazi yeyote, ila hakuna kitoto kitandani. Maziwa yakamjaa. Mama yake akamfunga kifua kwa kanga, akambana kweli kweli, lakini mtoto wa jirani akilia tu kanga inarowa. Hakula. Uji ulikuwa ukikaa mpaka unafanya utando. Wanawake waliokuja kumpa pole walikuwa na maneno mamoja: usilie, yule ni malaika, atakuja kukushika mkono mlango wa pepo, Mungu atakupa mwengine. Walisema kwa mapenzi. Lakini nilikuwa nikiyasikia nikiwa nje barazani, na kila nikiyasikia nilitaka kuingia niwafukuze.

Yeye alimuuliza mama yake mtoto alikuwaje. Mama mkwe alimwona mtoto, alikuwepo wakati anaoshwa. Akajibu, "Mtoto mzuri, mwanangu. Nyamaza sasa, utamuumiza," akaondoka kwenda jikoni, na huko akawa analia yeye. Mtu akiambiwa na watu wengi namna ile anyamaze, mwisho hunyamaza. Mimi hakuniuliza, wala mimi sikumsimulia. Nilikuwa nikija jioni kutoka dukani na machungwa, nakaa ukingoni mwa kitanda chake, namweleza habari za mjini ambazo hata mimi hazikunihusu. Nilidhani namwondolea mzigo.

Siku moja akanikatiza.

"Nikitoka arobaini utanipeleka?"

"Ntakupeleka."

"Wapajua?"

"Napajua. Si nimemweka mie."

"Basi," akasema, akavuta bakuli la uji.

Tokea siku ile akala. Si sana, lakini alikula, akaanza kukaa kitako, akaanza kuuliza siku ngapi zimebaki. Baba mkwe hakupenda. Alisema wanawake hawaendi makaburini, si desturi ya nyumba hii. Mama mkwe, ambaye sijapata kumsikia akimpinga mumewe, alimwambia akiwa anapepeta mchele, hata kichwa hakunyanyua: "Kazaa na hajui kazaa nini. Mwache aende." Mzee akavaa kofia yake akatoka kwenda msikitini.

Kwa hiyo mtu ajue nini kilikuwa mikononi mwangu. Mke wangu alikuwa anaishi kwa kipande cha ardhi kisichozidi mkono, na mimi ndiye niliyemwambia napajua.

Zilipobaki siku chache nikaenda peke yangu mchana, nifagie, niondoe majani, apakute pazuri. Nilipovuka ukuta nikasimama. Ilikuwa Shaaban, na Shaaban ndio mwezi watu wanapofyeka makaburi kabla ya kuingia Ramadhani. Vijana wa mtaa walikuwa wamekuja Ijumaa baada ya sala. Walifanya kazi ya watu kumi. Walifyeka, wakachoma taka, wakapiga reki, na kwa kuwa mbuzi walikuwa wakiingia kupitia matundu ya ukuta, waliokota kila jiwe lililolegea wakayaziba. Mawe ya watu wazima yamechimbiwa chini, yalibaki. Ya watoto yamewekwa tu juu. Upande wa watoto ulikuwa msafi kama uwanja wa skuli, udongo mmoja kutoka ukutani mpaka kwenye mkunazi, na mvua ilikuwa imepita juu yake ikausawazisha. Hapakuwa na kichuguu. Hapakuwa na kitu.

Nilitembea pembezoni mwa ukuta nikitazama mawe yaliyoshindiliwa kwenye matundu, moja moja, kama nitayatambua. Yote yalikuwa mawe. Nikawatukana wale vijana kwa sauti, makaburini, Mungu anisamehe. Walikuwa wametafuta thawabu, na nina yakini wamezipata.

Nikaenda kwa mzee mchimbaji. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akanisikiliza vizuri, akatikisa kichwa.

"Nimechimba mengi tokea pale, mwanangu. Mie nadhani ilikuwa karibu na mkunazi."

Shemeji akasema la, ilikuwa karibu na ukuta, maana yeye aliuegemea ukuta akimwaga maji. Baba mkwe akasema baina ya hivyo viwili. Mimi nilikumbuka mzizi uliokatwa na jembe, mweupe, unatoa maji, kwa hiyo mkunazi. Lakini nilikumbuka pia jua likinichoma shingo, na chini ya mkunazi hakuna jua. Nilikuwa nimeinama wakati wote. Sikutazama kushoto wala kulia, nilimtazama yeye. Watu wanne tulimzika na kila mmoja alikuwa na kaburi lake.

Hapo akili ikaniruka. Nilichukua mtaimbo wa shemeji, nikarudi kule peke yangu. Nilijiambia udongo uliochimbwa karibuni ni laini, chuma kitazama chenyewe, na chini kitagonga mbao, na nikisikia mbao nitajua. Nilikuwa nimeshaushika mtaimbo kwa mikono miwili nimeunyanyua, baba mkwe akanitokea kwa nyuma.

"Unamtafuta mtoto kwa chuma?"

Mtaimbo ulibaki juu vile vile.

"Na ukimgonga?"

Niliuacha mtaimbo ukaanguka, nikakaa chini nikalia, mtu mzima, mbele ya mkwe. Alisimama tu. Alikuwa na watoto wake wawili pale pale, vichanga wa zamani, na sikuwahi kujua mpaka siku ile aliponambia. "Wa kwangu nao sijui walipo," akasema. "Najua wamo humu." Akauokota mtaimbo akaenda nao.

Jioni shemeji akanambia neno alilokuwa nalo siku zote.

"Nilikwambia saruji."

Nilikaribia kumpiga. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi: "Mwoneshe popote, shemeji. Weka mawe mawili, mwambie ni hapa. Wote mle ni malaika, dua itafika. Kwani nani atajua?"

Nililala na maneno yake. Nilifikiri mengi, na mengi hayakuwa na faida. Nilifikiri kwamba lau kila kichanga wa ukoo ule angejengewa sanduku lake la zege, upande wa watoto ungejaa zamani za babu zao na mwanangu asingepata hata pa kuulaza ubavu. Ardhi ilikuwa na nafasi kwa ajili yake kwa sababu haikubaki na wengine. Nilikuwa na haki katika ule ugomvi wa vigae, na bado nasema nilikuwa na haki. Haki yangu haikunisaidia chochote. Yule mama wa Kizungu alinambia wapo wanaotaka bila ya jiwe, na mimi nilicheka nikaona fahari. Hakuna aliyetaja kwamba yuko mtu atakayekuja akiuliza ni wapi.

Siku ilipofika niliwahi asubuhi kabla yake. Nilichomoa ukutani mawe mawili, moja la ngumi na moja dogo, nikayaweka yakikingama na kibla, si mbali na mkunazi. Nikakusanya udongo kwa viganja nikafanya kichuguu kidogo. Nikarudi nyuma nikatazama. Palikuwa kaburi. Mtu yeyote angeamini, na mimi mwenyewe nilikaribia kuamini.

Alikuja na mama yake mpaka ukutani, amevaa buibui, anatembea polepole kwa ajili ya mshono. Mama mkwe akabaki nje. Nikampa mkono akavuka. Hakuniuliza ni wapi. Aliyaona mawe akaenda moja kwa moja, akachutama kwa shida, akalaza kiganja juu ya ule udongo niliokusanya, akamtolea salamu mwanawe kwa jina. Tangu azaliwe hakuwa amelitamka. Kisha akaanza kuzungumza naye kwa sauti ndogo, na nikaona anampa maneno aliyoyaweka siku zote zile. Labda chini yake palikuwa na mtoto wa karne nyengine. Labda hapakuwa na mtu.

Nikashindwa.

"Si hapo," nikamwambia.

Akageuka.

"Mawe nimeyaweka mie leo asubuhi. Wamesafisha, wameondoa alama zote. Nimemtafuta. Yumo humu, baina ya ukuta na mti huu, lakini sijui wapi. Sijui."

Alibaki amechutama, kiganja bado kipo juu ya udongo, kama hajui akiondoe au akiache. Nilingoja alie. Hakulia.

"Mlikuwepo nyote," akasema. "Wewe, baba, kaka. Mlimwona, mlimbeba, mlimzika. Mie peke yangu sikuwepo, na mie ndiye nnayeambiwa nivumilie. Nikakwambia kitu kimoja tu."

"Ulinambia."

"Ukasema wapajua."

"Nilisema."

Nilidhani atanyanyuka aondoke, na nilijua akiondoka vile harudi kwangu, atarudi kwenye kile kitanda na uji utafanya utando. Nilikuwa nimemaliza kila nilichokuwa nacho.

"Nani alishuka naye?" akauliza.

"Mimi."

"Basi niambie."

"Nikwambie nini?"

"Vyote. Kila mtu ananambia malaika. Mie sikuzaa malaika, nimezaa mtoto. Niambie mtoto."

Nikakaa chini mbele yake, kwenye udongo. Maneno yakaja bila ya mpango. Nikamwambia alilia nikamsikia nikiwa ukumbini, sauti nzito, ya kukwaruza, kama mtu aliyeamshwa. Nikamwambia nywele zake zilikuwa nyingi mpaka shingoni, na zilikuwa bado zimerowa maji ya majani ya mkunazi aliyooshewa, aliponikabidhi mwosha. Paji la uso lako, nikamwambia, hili hili. Sikio la kulia limekunjika juu kidogo. Vidole virefu, sijui katoa wapi. Ndani ya gari nilimweka mapajani na kila shimo la njia nilimnyanyua asitikisike, na kaka yako aliona akapunguza mwendo mpaka watu wakatupigia honi.

Nikamwambia udongo ulikuwa na unyevu, baridi kwanza halafu si baridi. Mwanandani yake, ule ubavu wa kaburi anamolazwa maiti, ulichimbwa upande wa kibla, urefu wake kama kuanzia kiwiko changu mpaka ncha za vidole na kidogo zaidi. Nilimlaza ubavu wa kulia, nikamwekea donge la udongo mgongoni asilale chali. Nikafungua fundo la kichwani na la miguuni. Nikamfunua shavu nikaliegemeza kwenye ardhi. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama wa mtoto anayetaka ziwa.

Hapo alifunga macho, lakini akanipa ishara ya mkono niendelee.

Nikamwambia mkono wangu ulikuwa chini ya kichwa chake, na kichwa chote kiliingia kiganjani, na sikuweza kuuondoa. Mzee mchimbaji alikuwa juu ameshika viunza, anangoja. Mwisho akanambia, "Mwanangu, toa mkono." Nikatoa. Nikapanga viunza mimi mwenyewe, na kila tundu nililiziba kwa udongo wa maji usimdondokee mchanga usoni. Nikasikilizia. Kisha wakanivuta juu.

Kwenye shamba mtu alikuwa anakata kuni. Nje ya ukuta mama mkwe alikuwa anapenga kamasi.

"Mkono upi?" akauliza mke wangu.

Nikampa wa kulia. Akaugeuza, akautazama kiganjani kwa muda mrefu, akaubana kwa mikono yake miwili mpaka vidole vikaniuma. Kifuani, chini ya buibui, kanga ilikuwa imerowa tena.

"Anza tena," akasema.

"Tokea wapi?"

"Tokea alipolia. Mie sikumsikia."